Mali Nyingi, Watu Sitini na Wanne: Kaunti ya Loving, Texas

Magharibi ya Texas, pale ambapo mto Pecos unaiacha New Mexico na kuanza kujikokota kusini katika nchi kame, ipo kaunti iitwayo Loving ambayo ardhi yake, maili za mraba zipatazo 669, ni kubwa kidogo kuliko kisiwa kizima cha Unguja, na ambayo sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliikuta na watu sitini na wanne. Miongoni mwa kaunti zaidi ya elfu tatu za nchi ile hapakuwa na nyingine iliyoandikiwa idadi ndogo kuliko hiyo mwaka ule. Hata Kalawao ya Hawaii, rasi iliyotengwa zamani kuwa makao ya wagonjwa wa ukoma, iliandikiwa watu 82. Walakini ardhi hiyohiyo, isiyo na hospitali wala daktari wala shule, imekaa juu ya mojawapo ya hazina kubwa za mafuta duniani, na thamani ya mali inayotozwa kodi ndani ya mipaka yake huhesabiwa kwa mabilioni ya dola. Tunaposikia habari za mahali pasipo watu, aghalabu tunadhani kuwa pana ufukara au pana jangwa, tukaridhika na jawabu hilo tusiulize zaidi. Na mimi naona kwamba Loving inazikanusha dhana hizo zote mbili. Ukame upo, nami nitaueleza, lakini ukame peke yake hautoshi kuwa sababu. Kilichoiacha kaunti hii tupu ni namna milki ya ardhi, sheria ya kodi na sheria ya makazi zilivyofungamana tangu mwanzo, hata ikawezekana serikali kamili ikasimama, ikatoza kodi na ikatajirika, bila ya kuwahitaji watu.

Nchi yenyewe ni tambarare, yenye mchanga na chokaa, na mvua yake kwa mwaka mzima haizidi sana inchi 10. Vichaka vyake ni vya mesquite, jamaa wa karibu wa ule mti wa miiba ambao wafugaji wa Baringo wanaujua na kuulaani kwa jina la mathenge, maana nao asili yake ni Amerika. Pecos ndio mto wa pekee, nao unapita kwenye mpaka wa magharibi. Maji yake yana chumvi nyingi, yanakata kiu ya ng'ombe kwa shida na kuichosha ardhi inayomwagiliwa. Waapache wa Mescalero na Wakomanche waliijua nchi hii vizuri kuliko wote waliokuja baada yao, wakaipita kwa msimu, wakawinda na kupumzisha farasi, lakini hawakuifanya maskani ya kudumu. Wenye hekima ya mahali walikwisha kusema yao kwa vitendo kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa.

Jina la kaunti ni la Oliver Loving, tajiri wa mifugo aliyezaliwa Kentucky mwaka 1812, ambaye mwaka 1866, pamoja na Charles Goodnight, alifungua njia ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas, kuambaa Pecos, hadi Fort Sumner katika New Mexico, ambako jeshi lilikuwa likiwalisha Wanavaho waliofungiwa huko. Mwaka wa pili Loving alitangulia mbele ya kundi, akashambuliwa na Wakomanche kando ya mto, akajeruhiwa, akafika Fort Sumner akiwa hai, na huko jeraha likaoza akafariki mwezi wa Septemba 1867. Mwenzake akaifukua maiti na kuirudisha Weatherford, Texas, mwendo wa mamia ya maili, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyousia. Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi huachwa ndani yake mtu mmoja ambaye sisi hatuna haki ya kumwacha. Katika msafara wa wawili hao alikuwamo Bose Ikard, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa katika Mississippi, akaachiwa huru kwa kushindwa kwa majimbo ya kusini vitani, akawa mchunga ng'ombe ambaye Goodnight alimwamini hata kumkabidhi fedha za mauzo njiani, mahali ambapo hapakuwa na benki wala askari. Ikard alikufa mwaka 1929, na Goodnight, ambaye naye alikuwa mzee mno wakati huo, aligharimia jiwe la kaburi lake Weatherford, akaandikisha juu yake sifa za uaminifu wake. Si yeye, si Loving, aliyepata kukaa katika nchi hii iliyopewa jina la mmoja wao. Walikuwa wapita njia, na hali hiyo ya kupita njia imebaki kuwa tabia ya mahali hapa mpaka leo.

Bunge la Texas liliichora kaunti ya Loving mwaka 1887 kwa kuimega kaunti ya Tom Green, na sensa iliyofuata, ya mwaka 1890, ilikuta watu watatu. Kisha ukatokea mkasa ambao kwangu mimi ndio ufunguo wa mambo yote. Mwaka 1893 wakaja watu kutoka Denver, Colorado, wakiwa na kampuni iitwayo Loving Canal and Irrigation Company, kwa madhumuni ya kuchimba mfereji wa kutoa maji Pecos na kuyapeleka mashambani. Ili kampuni iwe na nguvu ya kukopa kwa dhamana ya kodi ilihitaji kaunti iliyo hai, yenye maafisa na mahakama, na sheria ilitaka ombi la wakazi. Basi likapelekwa ombi lenye majina ya watu wanaodaiwa kuwa wapiga kura 150, kutoka katika nchi ambayo miaka mitatu nyuma ilikuwa na watu watatu. Uchaguzi ukatangazwa, kura zikahesabiwa, maafisa wakaapishwa, na mji mkuu ukaanzishwa kando ya mto ukaitwa Mentone. Halafu Pecos ukafurika ukaharibu kazi ya mfereji. Uongo wa jambo lile ulipodhihirika, maafisa wakawa wameondoka na bunge likaivunja kaunti mwaka 1897, likaiambatisha na jirani yake Reeves. Ilikuja kupangwa tena baadaye, kama nitakavyoeleza, na katika historia ya Texas hakuna kaunti nyingine iliyopangwa mara mbili kama hii.

Nimeuita mkasa huo ufunguo kwa sababu unaonyesha kwamba Loving, kama serikali, haikuzaliwa na watu waliokwisha kukaa mahali wakaona haja ya kuwa na hakimu wa kuwaamua, sherifu wa kuwalinda na karani wa kuandika hati zao. Ilizaliwa na wenye mtaji waliohitaji uwezo wa kutoza na kukopa, wakaweka watu wa karatasi mahali pa watu wa nyama na damu. Mimi siwalaumu wakulima wa kweli waliofuata baadaye, maana wao walikuja kwa jasho lao. Lakini msingi ulikwisha kuwekwa kombo.

Hao wakulima walifika mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati ardhi ya serikali ya Texas ilipokuwa ikiuzwa kwa walowezi, na mwaka 1910 sensa ilikuta watu 249. Mji wao ulikuwa Porterville, kando ya Pecos. Walijenga kanisa la mbao mwaka uleule wa 1910, jengo dogo, jeupe, lenye paa la mgongo na nafasi ya mabenchi machache tu. Na ukitaka kuifahamu historia ya kaunti yote kwa kutazama kitu kimoja, litazame hilo. Ukame ukaja, mwaka 1920 watu wakawa wamebaki 82. Kisha mto, ambao miaka yote ulikuwa ukiwanyima maji, ukawaletea kwa pamoja zaidi ya waliyoyaomba, mafuriko yakaimaliza Porterville mwaka 1930, na waliosalia wakalihamisha kanisa lao zima hadi Mentone mpya, mji uliokuwa umechipuka maili kadhaa mbali kwa ajili ya mafuta. Lipo hata leo, jengo kongwe kuliko yote katika kaunti, nalo limejengwa kwa ajili ya mji ambao haupo.

Mafuta yaligunduliwa mwaka 1921, na miaka michache baadaye visima vikaanza kulipa. Wachimbaji wakamiminika na mahema na vibanda, kaunti ikapangwa upya mwaka 1931, safari hii kwa haki, na inakadiriwa kuwa mwaka 1933 idadi ya watu ilifika kiasi cha 600, kilele ambacho Loving haijakifikia tena kwa watu wanaohesabika kuwa wake. Mwaka 1935 ikajengwa mahakama ya kaunti, jengo la matofali la ghorofa mbili, imara, la kustahika, ambalo lingeweza kuhudumia mji wa maelfu. Mwaka 1936 likakamilika bwawa la Red Bluff juu ya Pecos, na maji yake yakaenda zaidi kwa wakulima wa chini ya mto, katika kaunti nyingine. Mentone yenyewe kwa miaka mingi haikuwa na mfumo wa maji ya kunywa. Maji yaliletwa kwa gari kutoka mji wa Pecos, maili ishirini na ushei, yakamiminwa mapipani, yakatumiwa kwa hesabu. Na huku chini ya miguu ya wakazi, mafuta yakivutwa mchana na usiku na kupelekwa kwa mabomba hadi bandarini.

Hata hivyo pale palikuwa na jamii, na ingekuwa dhuluma kuandika kana kwamba haikuwapo. Mwezi wa Januari 1945 Edna Reed Clayton DeWees aliteuliwa kuwa sherifu, kisha akachaguliwa kwa kura, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa sherifu katika Texas yote. Hakubeba bastola, na katika muda wote wa kazi yake alikamata watu wawili tu. Wengi hulisimulia jambo hili kama kichekesho cha mahali pasipo watu. Mimi naliona kuwa ni ushahidi wa kitu cha thamani, kwamba palikuwa na wakati ambapo kila mtu katika kaunti alimjua mwenzake kwa jina, na sheria iliweza kusimama kwa heshima bila silaha. Jamii ya namna hiyo ina nguvu ajabu, lakini inaweza kuuawa na kitu kidogo. Mwaka 1940 watu walikuwa 285. Mwaka 1960 walikuwa 226. Mwaka 1970 walikuwa 164. Mwaka 1972 shule ya Mentone ilifungwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wamebaki wawili, na tangu siku hizo watoto wa Loving husafirishwa kwa basi hadi Wink, katika kaunti ya Winkler. Sensa ya 1980 ilipofika ilikuta watu 91. Mzazi anayelazimika kumwamsha mtoto wa miaka sita gizani ili apande basi ataona ni afadhali ahamie kule basi linakokwenda. Na akiisha kuhama yeye, duka linakosa mteja, na mwenye duka naye anafuata.

Sasa tufike kwenye mafuta ya zama hizi, ambayo hoja yangu inayategemea zaidi. Chini ya Loving lipo bonde liitwalo Delaware, sehemu ya magharibi ya lile bonde kubwa la Permian, ambalo ni mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na ambalo leo hutoa karibu nusu ya mafuta ghafi ya Marekani. Kwa muda mrefu mafuta mengi yalikuwa yamenaswa ndani ya miamba migumu isiyopitisha kitu. Kisha, katika miaka ya 2000 na 2010, mafundi wakaunganisha hila mbili, ya kuchimba kisima kwenda chini maelfu ya futi na kukigeuza kiende kwa ulalo maili moja, mbili au zaidi, na ya kuisukumia miamba maji, mchanga na kemikali kwa nguvu mpaka ipasuke. Loving, iliyokuwa imekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waliopitwa na wakati, ikawa miongoni mwa kaunti zinazotoa mafuta mengi zaidi katika Texas. Barabara nyembamba zilizojengwa kwa ajili ya magari ya wafuga ng'ombe zikajaa malori ya mchanga na ya maji, minara ya kuchimbia ikang'aa usiku kama miji, na maelfu ya wafanyakazi wakaanza kuingia na kutoka kwa zamu.

Maelfu hao hawamo katika hesabu ya watu 64. Sensa ya Marekani humwandika mtu pale anapoishi na kulala kwa kawaida, na mfanyakazi anayefanya kazi majuma mawili Loving na kurudi kwa mkewe Odessa, au Oklahoma, au Louisiana, huandikwa huko kwao. Hulala katika makambi ya muda, katika vyumba vya bati vilivyopangwa kando ya barabara, katika magari ya kukokotwa yenye kitanda na jiko. Na ajali za malori zimechukua roho nyingi katika barabara za bonde lile. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Loving ni mahali pasipo watu, lazima aulizwe ni watu gani anaowakusudia. Saa sita ya mchana siku ya kazi, Loving ina watu wengi. Ambao hawapo ni wakaazi, na tofauti hiyo si ya maumbile.

Ni tofauti ya milki. Katika nchi nyingi za dunia madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya serikali, na mwenye shamba juu yake ana haki ya kulima tu. Texas haiko hivyo. Huko madini ni mali ya mtu binafsi, tena yanaweza kutenganishwa na ardhi ya juu, yakauzwa, yakarithiwa, yakagawanywa vipande kwa vipande baina ya wajukuu, hata mwenye mafuta akawa yuko Dallas au New York na hajapata kuuona mto Pecos maishani mwake. Zaidi ya hayo, sheria humpa mwenye madini daraja la juu kuliko mwenye ardhi: anayo haki ya kuingia na kutumia sehemu ya juu kwa kiasi kinachohitajika ili ayafikie yaliyo chini. Ardhi ya juu nayo imeshikwa kwa ranchi kubwakubwa, ambazo ng'ombe wake wanahitaji ekari nyingi kila mmoja, na mwenye ranchi hana sababu ya kukata viwanja akawauzia madereva. Kwa hiyo kijana mwenye mshahara mzuri wa kazi ya mafuta, ambaye angependa kununua kiwanja Mentone, akajenga, akaleta familia, hapati kiwanja. Na akipata hapati shule karibu. Na pasipo shule mkewe hataki, na ana haki.

Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu, hivyo kaunti na shule zake huishi kwa kodi ya mali, na mali inayotozwa ni pamoja na mafuta yenyewe yaliyo bado ardhini, yakithaminiwa upya kila mwaka. Hapo ndipo hazina ya Loving inapojaa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba kodi hii haina haja ya mkaazi: kisima hulipa, bomba hulipa, mtambo hulipa, na hakuna hata kimoja kinachodai zahanati. Tena tangu mwaka 1993 jimbo hili lina sheria ya kuchukua sehemu ya kodi ya shule kutoka wilaya zenye mali nyingi na kuisaidia elimu ya wilaya nyingine, ambayo watu wake wameipa jina la utani la Robin Hood. Mimi naona sheria hiyo ni ya haki kwa ujumla, kwa kuwa mtoto wa bondeni hana fadhila juu ya mtoto wa El Paso ati kwa sababu bahari ya kale ilikaukia chini ya kwao.

Sehemu ya fedha huondoka hivyo, lakini kitu kimoja kingali kinarudi Loving kwa wingi, nacho ni maji machafu. Kila pipa la mafuta katika bonde la Delaware hupanda pamoja na mapipa matatu hadi matano ya maji ya chumvi kali yaliyokuwa yamezikwa na mafuta hayo, na kwa miaka mingi njia rahisi ya kuyaondoa imekuwa kuyarudisha chini katika visima vya kutupia. Ardhi haikunyamaza. Tarehe 26 Machi 2020 tetemeko la kipimo cha 5.0 lilitikisa nchi magharibi ya Mentone, na mengine, hata makubwa kuliko hilo, yakafuata katika miaka iliyokuja. Wataalamu wa matetemeko wakayahusisha na maji yale, na Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo msimamizi wa mafuta, ikaanza kuvizuia baadhi ya visima. Katika nchi iliyonunua maji ya kunywa kwa gari, maji yamekuwa mengi hata yanatikisa milima.

Serikali ya kaunti katika Texas ina umbo moja, iwe ni Harris yenye Houston na mamilioni ya watu, iwe ni Loving: hakimu wa kaunti, makamishina wanne kwa maeneo manne, sherifu, karani, mweka hazina, mwanasheria, hakimu wa amani, makonstebo. Ukizigawa kazi hizo kwa watu 64, ambao ndani yao wamo watoto, utaona kwamba sehemu kubwa ya watu wazima ama wana cheo, ama wameajiriwa na mwenye cheo, ama ni jamaa yake. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Avery dhidi ya Midland, kaunti iliyo mashariki ya Loving katika bonde hilohilo la mafuta, iliamua kwamba maeneo ya makamishina lazima yakaribiane kwa idadi ya watu, ili sauti ya raia mmoja isizidi ya mwingine. Ni hukumu iliyo bora. Lakini ukiichukua hadi Loving, kila eneo linapata watu kumi na sita hivi, na nyumba mbili zikihama au kuhamia, kamishina anayesimamia bajeti ya mamilioni anaanguka au anasimama. Ndiyo sababu uchaguzi wa kaunti hii umegeuka mara kwa mara kuwa mashitaka. Mnamo mwaka 2006 palikuwa na kikundi cha watu kutoka mbali, wenye siasa ya kutotaka serikali, waliotaka kuhamia wachache tu, wakashinda kwa kura, wakaitawala kaunti watakavyo. Jaribio lao halikufaulu, lakini hesabu yao haikuwa na kosa.

Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2020 kura zilizopigwa Loving zilikuwa 66, mbili zaidi ya watu wote walioandikwa na sensa ya mwaka huohuo, wakubwa kwa wadogo. Msomaji asiharakishe kusema wizi. Sheria ya Texas inasema makazi ya mpiga kura ni nyumbani kwake pa kudumu, mahali ambapo hukusudia kurudi baada ya kila safari. Basi mwana wa Mentone anayefanya kazi Midland au kusoma Lubbock, aliyeacha chumba chake na nia ya kurejea, anaweza kuwa mpiga kura halali wa kaunti ambayo sensa haikumkuta. Wanachuoni wetu wa fiqihi walikwisha kulipima jambo hili kwa mizani hiyohiyo walipomtofautisha msafiri na mukimu, wakaona kuwa macho hayatoshi, na kwamba mtu huwa mukimu kwa kukusudia kukaa. Lakini wao walikuwa wakiamua juu ya sala, ambayo ni baina ya mja na Mola wake, na Mola anaijua nia. Hapa jaji anaulizwa nia ya mtu ambaye nia yake inaamua ni nani atakayeshika hazina. Mtu aliyeondoka miaka ishirini akasema angali anakusudia kurudi, nani atamkadhibisha? Wakati huohuo dereva anayelala Loving usiku mia mbili kwa mwaka hana kura, kwa kuwa moyo wake uko kwa wanawe.

Kuna na jambo la sensa yenyewe. Idara ya Sensa ya Marekani ilipotangaza takwimu za 2020 iliziongeza na kuzipunguza kidogo kwa makusudi, kwa njia ya hesabu za bahati, ili mtu asiweze kuzitumia kugundua siri za nyumba moja moja; katika idadi za watu, ni jumla za majimbo tu zilizoachwa kama zilivyohesabiwa. Katika kaunti ya watu laki moja, kuongeza au kupunguza watu wachache si kitu. Katika Loving, hiyo sitini na nne iliyochapishwa inaweza kuwa si idadi kamili iliyokutwa mlangoni. Ulinzi wa siri ni amana, nami naukubali. Ila ni lazima ieleweke kwamba tumefika mahali ambapo idadi ya wananchi ni ndogo kiasi cha kutoonekana dhahiri hata na serikali yao.

Watetezi wa hali ilivyo husema kwamba watu wa Loving wameridhika na upweke, na kwamba asiyeupenda ana uhuru wa kuondoka. Kwa wachache waliobaki huenda ni kweli, na maisha yao hayapaswi kudharauliwa na mtu wa mjini. Walakini hoja hiyo haiwagusi wale maelfu wa makambini, ambao kazi yao ndiyo inayoijaza hazina na ambao hawana kamishina wa kumlalamikia barabara inapoua. Wako pia wanaosema kwamba ingekuwa afadhali kaunti ivunjwe na kuunganishwa na Reeves au Winkler, kama ilivyofanywa mwaka 1897. Dawa hiyo siipendi, kwa sababu ingehamisha hazina tu na kuyaacha makambi pale pale. Penye mabilioni ya dola yanayotozwa kodi, kununua ekari mia chache kutoka kwa wenye ranchi, kuzikata viwanja, kuzivutia maji safi ya bomba, kufungua tena darasa la watoto wadogo lililofungwa mwaka 1972 na kuweka gari la wagonjwa lenye wauguzi ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa makamishina wanne na hakimu mmoja. Kinachowazuia kinafahamika kwa yeyote aliyefuata hesabu za kura: familia ishirini za wageni zingetosha kuwaondoa wote madarakani. Mafuta nayo yana muda wake, na visima vya namna hii hupungua kasi katika miaka ya mwanzo tu baada ya kufunguliwa, hivyo fedha ya kufanyia mambo hayo ipo sasa. Sensa ijayo itahesabu kwa siku ya tarehe 1 Aprili 2030, na ikiwa hapatakuwa na nyumba mpya Mentone, karani atakayepita katika barabara ya kambi ataandika, kwa uaminifu kabisa, kwamba wale wote aliowakuta wamelala humo ni watu wa kwingine.